Kutoka Kidato cha Nne hadi Shahada ya Jenetiki: Mambo ya Kuzingatia kwa Wanafunzi wa Masasi na Newala

Jenetiki ni elimu inayochunguza jinsi viumbe wanavyorithi sifa kutoka kwa wazazi wao, sababu za sifa hizo kutofautiana na namna zinavyoweza kubadilika. Mwanafunzi wa sekondari nchini hukutana na elimu hiyo katika somo la Baiolojia, ambapo hujifunza kanuni za urithi zilizotokana na majaribio ya njegere ya Gregor Mendel. Wengi huishia hapo. Wachache wanaotaka kuisomea hadi chuo kikuu hukabiliwa na maswali matatu: shahada hiyo inaitwaje katika vyuo vya Tanzania, masomo gani yanahitajika na gharama zitalipwa vipi.

Kwa mwanafunzi wa Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, au wa Masasi, chini ya uwanda huo upande wa magharibi, majibu ya maswali hayo yanahitajika mapema. Uamuzi wa kwanza hufanyika Kidato cha Nne, wakati wa kuchagua tahasusi, na kosa la wakati huo ni gumu kurekebishwa miaka miwili baadaye.

Elimu yenye kazi shambani na hospitalini

Jenetiki inagusa moja kwa moja maisha ya wakazi wa mkoa wa Mtwara. Mkorosho uliletwa Afrika Mashariki na Wareno kutoka Brazil katika karne ya 16. Mti huo hutoa maua dume na maua yenye jinsia zote mbili katika kichala kimoja, na wadudu husafirisha chavua kutoka mti mmoja hadi mwingine. Kwa sababu hiyo, mbegu iliyookotwa chini ya mkorosho unaozaa vizuri haina hakika ya kuotesha mti unaofanana na mama yake. Wakulima hushauriwa kupanda miche iliyobebeshwa vikonyo kutoka miti bora, kwa kuwa kikonyo hubeba vinasaba vilevile vya mti kilikotoka. Mkulima anayebebesha mkorosho wake anatumia kanuni ya jenetiki, ingawa huenda hakuwahi kuisikia kwa jina hilo.

Uzalishaji wa korosho nchini ulifikia takribani tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, kisha ukashuka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Sababu zilikuwa kadhaa, zikiwemo bei ndogo, wakulima kuhamia mbali na mashamba yao na ugonjwa wa ubwiriunga unaoshambulia maua na majani machanga. Kituo cha Utafiti wa Kilimo Naliendele, kilichoko karibu na mji wa Mtwara na ambacho sasa ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kilifanya kazi kubwa ya kutafuta viuatilifu na kuchagua miti inayozaa kwa wingi na kustahimili magonjwa. Watafiti wake walichavusha maua kwa mikono, wakapanda mbegu zilizopatikana na kuifuatilia miti hiyo kwa misimu mingi kabla ya kutoa aina mpya kwa wakulima.

Kituo hicho pia hutafiti mazao mengine yanayolimwa kusini. Miongoni mwa aina za karanga kilizozitoa mwaka 2009, moja imepewa jina la Masasi na nyingine Nachingwea. Katika ufuta zipo aina za Lindi 2002 na Mtwara 2009.

Muhogo nao una historia yake. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao huozesha mizizi ardhini hata shina linapoonekana kuwa na afya, ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti H. H. Storey katika kituo cha Amani, Tanga. Virusi vyake huenezwa na nzi weupe na pingili zilizoambukizwa. Njia ya kudumu ya kukabiliana nao ni kupanda aina zenye ukinzani, na aina hizo hupatikana kwa kazi ya wataalamu wa uzalishaji wa mbegu wakishirikiana na wataalamu wa vinasaba.

Katika afya, mfano ulio wazi zaidi ni selimundu. Ugonjwa huo hurithiwa. Iwapo baba na mama wote ni wabebaji wa jeni ya selimundu bila kuugua, kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Utafiti wa Anthony Allison uliofanyika Afrika Mashariki na kuchapishwa mwaka 1954 ulionyesha kuwa wabebaji hao wana kinga dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu jeni hiyo imeenea zaidi katika maeneo yenye malaria nyingi. Katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), programu ya selimundu iliyoongozwa na Profesa Julie Makani tangu mwaka 2004 imekuwa miongoni mwa programu zinazofahamika duniani katika kuwafuatilia wagonjwa na kutafiti vinasaba vyao.

Shahada inaitwaje

Mwombaji anayetafuta neno "jenetiki" peke yake katika mwongozo wa udahili anaweza kudhani kuwa elimu hiyo haifundishwi nchini. Kwa kawaida hufundishwa ndani ya shahada zenye majina mengine, na mwombaji anapaswa kusoma maelezo ya programu kabla ya kuamua.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kina Idara ya Baiolojia ya Molekuli na Bioteknolojia, inayotoa Shahada ya Sayansi kwa jina hilo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kina Shahada ya Sayansi katika Bioteknolojia na Sayansi za Maabara. Wanaovutiwa zaidi na uzalishaji wa mbegu wanaweza kuanza na shahada ya agronomia au kilimo cha bustani SUA, kisha kubobea katika uzalishaji wa mimea ngazi ya uzamili. Wanaovutiwa na mifugo wana njia ya sayansi ya wanyama au tiba ya mifugo. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela, Arusha, hupokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu, hivyo ni hatua ya baada ya shahada ya kwanza.

Kwa upande wa binadamu, daktari anayetibu magonjwa ya kurithi huanza na Shahada ya Udaktari, kisha hubobea. Mtaalamu wa maabara ya hospitali husomea Shahada ya Sayansi ya Maabara za Afya na husajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Tofauti hii ni muhimu. Mhitimu wa baiolojia ya molekuli ana ujuzi wa vinasaba, lakini shahada yake haimfanyi moja kwa moja kuwa mtaalamu aliyesajiliwa wa kupima wagonjwa. Mwanafunzi anayetaka kufanya kazi hospitalini anapaswa kulijua hilo kabla ya kujaza fomu.

Tahasusi na alama

Masomo mawili yanayobeba njia hii ni Kemia na Baiolojia. Tahasusi zinazoyajumuisha ni pamoja na Fizikia, Kemia na Baiolojia (PCB), Kemia, Baiolojia na Jiografia (CBG), Kemia, Baiolojia na Kilimo (CBA), na Kemia, Baiolojia na Lishe (CBN). Tahasusi ya PCB hufungua milango mingi zaidi, kwa sababu huruhusu pia udaktari na fani nyingine za afya zinazodai Fizikia. Mwanafunzi aliyesoma tahasusi ya sanaa Kidato cha Tano na cha Sita hana sifa za kujiunga na shahada hizi moja kwa moja, hata kama alifaulu vizuri sana.

Hisabati ya Kidato cha Nne haipaswi kupuuzwa. Baadhi ya programu huweka sharti la ufaulu wa Hisabati, Fizikia au Kiingereza katika ngazi hiyo, na jenetiki yenyewe hutegemea sana takwimu na, kwa sasa, uchambuzi wa data kwa kompyuta. Wahitimu wa Kidato cha Nne huruhusiwa kurekebisha machaguo ya tahasusi kupitia mfumo wa Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI) baada ya matokeo kutoka na kabla ya kupangiwa shule. Fursa hiyo hutangazwa kwa muda maalumu na ikipita hairudi.

Kwa mujibu wa taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), mwombaji aliyehitimu Kidato cha Sita kuanzia mwaka 2016 anapaswa kuwa na ufaulu wa daraja A hadi E katika masomo mawili yanayotambuliwa na programu anayoomba, na jumla ya pointi zisizopungua 4.0 katika masomo hayo. Daraja A lina pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. Daraja S lina nusu pointi, lakini halihesabiwi kuwa ufaulu kamili wa somo.

Kwa mfano, mwombaji mwenye D ya Kemia na D ya Baiolojia ana pointi 4 na ametimiza kiwango cha chini. Mwenye C na E naye ana pointi 4. Mwenye E katika masomo yote mawili ana pointi 2, na hawezi kudahiliwa kwa njia hiyo hata kama ana A katika somo la tatu lisilotambuliwa na programu husika. Hata hivyo, kutimiza kiwango cha chini si sawa na kuchaguliwa. Programu yenye nafasi chache huchukua kwanza wenye ufaulu wa juu, na chuo kinaweza kuweka masharti yaliyo juu ya kiwango cha Tume.

Njia ya stashahada pia ipo. Mwenye stashahada inayohusiana na fani anayoomba, yenye wastani wa GPA usiopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya Kidato cha Nne, anaweza kuomba shahada. Kwa vijana wa kusini, Chuo cha Mafunzo ya Kilimo kilichopo Naliendele ni mfano wa mahali pa kuanzia kwa aliyekosa alama za kwenda Kidato cha Tano lakini anataka kufika kwenye uzalishaji wa mbegu. Kabla ya kujiunga, inashauriwa kuhakikisha kuwa shahada anayoilenga inaitambua stashahada hiyo.

Kuomba, kuchaguliwa na kuthibitisha

Tangu mwaka wa masomo 2017/2018, maombi ya shahada ya kwanza hutumwa moja kwa moja kwenye vyuo badala ya mfumo wa pamoja uliokuwapo awali. Kazi ya TCU ni kuthibitisha sifa za waliochaguliwa na kusimamia ratiba. Kila mwaka Tume hutoa mwongozo unaoonyesha programu zote zilizoidhinishwa, sifa za kujiunga, muda wa masomo na idadi ya nafasi. Mwongozo huo hupatikana bila malipo katika tovuti ya Tume na ndio unaopaswa kuaminiwa kuliko taarifa za mitandaoni au za mawakala.

Dirisha la udahili kwa kawaida hufunguliwa mwezi Julai, baada ya matokeo ya Kidato cha Sita. Wakati huo wahitimu wengi huwa katika makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mafunzo ya mujibu wa sheria. Ni vyema, kabla ya kwenda kambini, mhitimu akaandaa namba yake ya mtihani ya Kidato cha Nne na cha Sita, nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha, barua pepe inayofanya kazi na orodha ya programu anazozipenda kwa mpangilio. Namba ya simu iwe ya mwombaji mwenyewe au ya ndugu wa karibu. Namba ya mhudumu wa kibanda cha intaneti imewagharimu waombaji wengi, kwa kuwa ujumbe muhimu hutumwa kwa namba hiyohiyo.

Mwombaji aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hulazimika kuthibitisha chuo kimoja kwa kutumia namba maalumu ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi au kupitia akaunti yake ya maombi. Asiyethibitisha ndani ya muda hupoteza nafasi, hata kama alama zake ni za juu. Ambao hawakuchaguliwa katika awamu ya kwanza wanaweza kuomba tena awamu inayofuata, iwapo programu bado ina nafasi.

Wenye vyeti vya sekondari vya nje ya nchi huomba ulinganifu wa matokeo kutoka Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), ilhali tuzo za vyuo vikuu vya nje hutambuliwa na TCU. Anayekusudia kusoma nje anashauriwa kuhakikisha kwanza kuwa chuo anachokwenda kinatambulika.

Gharama na msimu wa korosho

Familia nyingi za Masasi na Newala hupata fedha zao kubwa za mwaka baada ya minada ya korosho, ambayo huanza mwezi Oktoba kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza msimu wa 2007/2008. Korosho za Newala hupitia Chama Kikuu cha Ushirika cha TANECU na za Masasi hupitia MAMCU. Maombi ya chuo na ya mkopo hufanyika miezi ya katikati ya mwaka, wakati mkulima anatumia akiba yake kununua salfa na viuatilifu vya maji na kulipa wapuliziaji. Vyuo hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba, huenda kabla malipo ya mnada hayajaingia benki. Kwa mzazi mwenye mtoto Kidato cha Sita, fedha za maombi, nauli na usajili zinapaswa kutengwa katika msimu unaotangulia.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hutoa mikopo kwa wahitaji wenye sifa. Mkopo unaweza kugharamia ada, chakula na malazi, vitabu, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Maombi hufanyika kwa mtandao, na vyeti vya kuzaliwa au vya vifo vya wazazi vinapaswa kuhakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Uhakiki huo huchukua muda, hivyo haufai kusubiri siku za mwisho. Mkopo si ruzuku. Mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe.

Kwa waliofaulu kwa kiwango cha juu katika tahasusi za sayansi, Serikali ilianzisha Samia Skolashipu katika mwaka wa masomo 2022/2023. Ufadhili huo hutolewa kwa wanaodahiliwa katika programu za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba, na haurejeshwi.

Baada ya kuhitimu

Wahitimu wa fani hii hufanya kazi katika taasisi kama TARI, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI), Wakala wa Mbegu za Kilimo (ASA), Wakala wa Maabara ya Veterinari na kampuni binafsi za mbegu. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali husimamia uchunguzi wa vinasaba vya binadamu kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2009, ukiwemo uchunguzi wa uhalali wa mzazi na utambuzi katika makosa ya jinai. Nako NIMR, watafiti hutumia jenetiki kufuatilia vimelea vya malaria. Ndivyo yalivyobainika mkoani Kagera mabadiliko ya kijeni yanayohusishwa na usugu dhidi ya dawa za artemisinini.

Nafasi hizo si nyingi, na nyingi za utafiti hudai shahada ya uzamili. Anayechagua fani hii anapaswa kujiandaa kwa safari ndefu ya masomo na kutafuta mapema nafasi za mafunzo kwa vitendo. Naliendele ni kituo kilicho karibu kwa wanafunzi wanaotoka Mtwara.

Ni vyema pia kuelewa kuwa jenetiki haina maana ya kubadili vinasaba vya mazao kwa uhandisi jeni pekee. Sehemu kubwa ya kazi nchini ni ya kuchagua na kuchavusha aina bora, kutambua magonjwa na kuhifadhi mbegu za asili. Matumizi ya uhandisi jeni husimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za usalama wa kibioteknolojia za mwaka 2009, na jaribio la mahindi lililoanza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016 lilisitishwa na Serikali mwaka 2018.

Mpangilio wa hatua

Kwa muhtasari, mwanafunzi anayelenga shahada hii azingatie yafuatayo:

Kidato cha Tatu na cha Nne: kufaulu Kemia, Baiolojia, Hisabati na Fizikia, na kujaza tahasusi yenye Kemia na Baiolojia.

Baada ya matokeo ya Kidato cha Nne: kurekebisha machaguo ya tahasusi ikiwa matokeo yanaruhusu.

Kidato cha Tano na cha Sita: kusoma mwongozo wa udahili wa mwaka uliopo ili kujua masharti ya programu, na kukamilisha uhakiki wa vyeti RITA.

Kabla ya kwenda JKT: kuandaa nyaraka, barua pepe, namba ya simu na orodha ya vyuo.

Julai hadi Septemba: kuomba chuo na mkopo, kufuatilia awamu za udahili na kuthibitisha chuo kimoja.

Oktoba na Novemba: kusaini fomu za mkopo, kujisajili chuoni na kuwasilisha vyeti halisi.

Wazazi na wanafunzi wanaohitaji ufafanuzi kuhusu tahasusi wanaweza kufika katika ofisi za maofisa elimu sekondari wa halmashauri za wilaya na za miji ya Masasi na Newala, au kuwaona walimu wa taaluma na wa ushauri katika shule zao.